Mwambie Baba Yako

Dada yangu anasomea ndoa za watu. Ndivyo wanavyosema mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, na ukijaribu kuwasahihisha wanazidi kucheka. Ukweli ni kwamba yuko California, nchini Marekani, anasomea shahada ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia, na huu ni mwaka wake wa tatu. Lakini nenda wewe kamweleze mama muuza mihogo kwamba iko shule ambayo mtu mzima, mwenye shahada yake ya kwanza mkononi, anakaa darasani miaka miwili mitatu ajifunze namna ya kukaa na mume na mke waliogombana. Atakuuliza swali moja tu: "Mwenyewe kaolewa?" Hajaolewa. Basi, mjadala umekwisha hapo. Kwetu sisi kungwi ni mtu mzima aliyezaa na kulea, tena aliyeyaona ya ndani. Sasa huyu binti wa miaka thelathini na moja, asiye hata na mchumba wa kutajwa, atamfunda nani?

Mie mwenyewe elimu yangu iliishia kidato cha nne, mwaka 2017, na katika cheti kile hakuna la kujivunia isipokuwa Kiswahili. Ninachokitafuta ni kuandika riwaya moja nzuri kabla sijafika thelathini. Madaftari sita yamejaa, la saba limefika katikati. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinidhanie mtaalamu. Niyasemayo hapa nimeyapata kwa sikio, kwa sauti ambazo dada hunitumia kwenye simu huku akipika, mafuta yakilia nyuma yake, na kwa vitabu viwili vilivyochanika ambavyo alimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Sisi tukiwa saa mbili usiku, yeye yuko saa nne asubuhi. Baridi ikiingia kwao wanarudisha saa nyuma, nami kila mwaka nachanganyikiwa upya.

Nilidhani wanasoma mapenzi. Kumbe wanahesabu saa. Ukimaliza darasa California hujawa mtu bado: sheria ya jimbo inakudai saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, tena zisitimie chini ya wiki 104. Sehemu ya saa hizo unaruhusiwa kuianza kabla hujahitimu, na kuna mitihani miwili, mmoja wa sheria na maadili, wa pili wa kazi yenyewe. Fundi gereji hapa kwetu hushika spana mwaka mmoja tu akaitwa fundi. Dada anazo saa zake kwenye jedwali, na kila Ijumaa jioni anazijumlisha kama mchuuzi anayehesabu mauzo.

Mafunzo yenyewe ndiyo yaliyonivutia mimi mwenye tamaa ya riwaya. Kuna chumba chenye kioo kikubwa ukutani. Aliye ndani anajiona sura yake, lakini aliye nyuma ya kioo anaona kila kitu kama dirishani. Mwanafunzi anakaa ndani na familia iliyokubali na kutia saini, mwalimu na wenzake wako nyuma, na mwalimu akiona mambo yanakwenda kombo anapiga simu ndani: mhamishe mtoto, mkalishe baba karibu na mama. Yaani kiti tu kikihamishwa, maneno yanabadilika. Nilipoyasikia hayo nilirudi kwenye daftari la tano nikagundua kwamba wahusika wangu wote hawana mahali pa kukaa. Wanazungumza kurasa arobaini na hujui nani yuko karibu na mlango.

Nikamwomba anisimulie walau kisa kimoja cha hao watu wake. Alikataa. Nikambembeleza, nikamwambia nitabadilisha majina, nitahamisha mji, hata jinsia. Akasema, "Mdogo wangu, hayo si yangu kukupa." Ya mteja hayatoki nje ila kwa machache sana: ikionekana mtoto anateswa, lazima itolewe taarifa, na mteja akitishia kwa dhati kumdhuru mtu, mtabibu ana wajibu wa kuchukua hatua. Jambo hili la pili lilitokana na kesi ya msichana aliyeuawa, ambayo mahakama ya juu kabisa ya California iliitolea uamuzi mwaka 1976. Nje ya hapo, mdomo umeshonwa. Nikafikiri, basi kazi yake na yangu ni maadui. Yeye analipwa kunyamaza, mie natarajia siku moja kulipwa kwa kusema.

Wala usidhani fani hii imezaliwa safi. Kati ya waanzilishi wake kule Marekani yumo Paul Popenoe, aliyefungua taasisi ya ushauri wa ndoa Los Angeles mwaka 1930, na bwana huyo alikuwa mmoja wa waliohubiri kwamba watu walioitwa wapungufu wa akili wafungwe kizazi. Dada aliposoma habari hiyo alinitumia sauti ya dakika sita, nyingi zikiwa ni kuguna. Ila aliniletea na habari nyingine ya kunipoza. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alipoongoza kliniki ya watoto na familia mjini Philadelphia, yeye na wenzake waliwachukua watu wa kawaida kutoka mitaa ya watu weusi, watu wasio na shahada, wakawafundisha kutibu familia za mitaa yao. Habari hiyo naitunza. Nikimwona mama muuza mihogo huwa natamani kumwambia kwamba pengine yeye angefaa zaidi ya dada.

Siku moja darasani waliambiwa waigize. Dada akapewa nafasi ya mume asiyesema na mkewe. Mwenzake mmoja akawa mke, mwingine mtoto. Dada aliicheza nafasi ile dakika ishirini bila kumtazama "mkewe" hata mara moja. Kila neno alimpa "mtoto": mwambie mama yako chai imepoa, mwambie mama yako sitakula. Wenzake walipiga makofi, wakasema ana kipaji. Mwalimu hakupiga. Kipindi kilipokwisha alimwita pembeni akamwuliza, "Umejifunzia wapi?"

Alijifunzia nyumbani.

Baba na Mama hawakuwa wakisemezana tangu mwaka 2016. Wanaishi nyumba moja, wanakula sufuria moja kwa saa tofauti. Chanzo ni shamba la michungwa, Muheza. Baba aliliuza kumlipia ndugu yake deni, na hakusema. Mama alipata habari kwa mnunuzi mwenyewe, aliyebisha hodi asubuhi moja kuuliza mpaka wa upande wa mto unapita wapi. Mama alimwonyesha! Alivaa baibui, wakapanda basi wote wawili mpaka Muheza, akamwonyesha mpaka, akarudi na chungwa moja mkobani. Chungwa lile hakulila mtu, lilikaukia juu ya kabati.

Msije mkasema hatukuwa na utaratibu wetu. Waliitwa wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa Baba na mmoja wa upande wa Mama, kama inavyoelekezwa katika Suratun Nisaa, aya ya 35. Walikaa sebuleni toka adhuhuri mpaka alasiri. Wakauliza nani kakosa. Baba akasema kama amekosa basi asamehewe. Mama akaitikia. Tukala pilau. Wageni walipoondoka Mama alisugua masufuria, akayafunika, na toka hapo hakumtamkia Baba neno. Serikali nayo ina lake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu upeleke shauri la talaka mahakamani, isipokuwa kwa mambo machache, kabla hujapita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Lakini kwetu hakuna aliyetaka talaka. Walitaka tarishi.

Tarishi alikuwa dada. Mwambie baba yako ada. Mwambie mama yako msiba kwa Hamisi. Alipokwenda California sote tulidhani mambo yatabadilika, maana tarishi kaondoka. Wapi! Mama, akiwa uani, alimpigia dada simu California kumwambia kwamba mpira wa maji umepasuka. Dada akampigia Baba, aliyekaa barazani, hatua kumi na mbili toka alipo Mama. Baba akasema, "Mwambie fundi anakuja kesho." Dada akampigia Mama. Mie nilikuwa ukumbini, nawasikia wote wawili, mmoja kila sikio. Habari ya hatua kumi na mbili ilizunguka nusu ya dunia ikarudi, na maji yakaendelea kumwagika.

Ndipo muhula wa pili wakafikia Murray Bowen. Huyu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mtoto wa kwanza kati ya watano, kutoka mji mdogo wa jimbo la Tennessee. Mwaka 1954 alianza utafiti katika taasisi ya serikali ya afya ya akili, huko Bethesda, Maryland, na humo alifanya jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kichekesho: badala ya kumlaza mgonjwa peke yake, aliilaza wodini familia nzima. Akawatazama wanavyoishi. Moja ya mambo aliyoyafundisha ni hili la pembetatu. Watu wawili wakizidiwa na joto lililo kati yao, humvuta wa tatu. Joto linapungua, wanaweza kupumua, na kwa hiyo hawana haja tena ya kulizungumza lile lililowachoma. Anayeumia ni wa tatu, na mara nyingi huyo ni mtoto, tena mtoto mwenye huruma.

Dada anasema aliposoma ukurasa ule alitoka nje ya maktaba akakaa kwenye ngazi.

Kazi waliyopewa baadaye ilikuwa kuchora genogramu, yaani ukoo wako wa vizazi vitatu kwa alama. Mwanamume ni mraba, mwanamke duara, aliyekufa anapigwa alama ya mkasi. Ndoa ni mstari, ndoa iliyovunjika mstari uliokatwa mara mbili, waliogombana wanaunganishwa kwa msumeno. Akanituma kwa Shangazi kuuliza habari za Babu na Bibi. Nilikwenda na daftari. Babu alikuwa na wake wawili, hilo lilijulikana. Lakini Shangazi, huku akipepeta mchele, akaniambia kama mtu anayesema habari ya mvua: "Marehemu mama na baba hawakuzungumza miaka mingi. Walikuwa wakimtumia baba yako. Alikuwa mdogo, hata shule hajaanza. Anakimbia huku, anakimbia kule, mpaka watu wakamwita Simu."

Ningelitia hili kwenye riwaya, msomaji angesema nimetunga. Nilimpelekea dada kama lilivyo. Alikaa kimya siku mbili, kisha akapiga simu nyumbani mara mbili. Kwa Mama alisema, "Mama, nakupenda, nitakupigia kila Jumapili, tutazungumza habari zako na zangu. Za Baba mwambie Baba." Kwa Baba akasema hivyo hivyo, kwa kupindua majina. Mama alilia. Baba akasema Marekani imemharibu mtoto.

Bowen naye aliwahi kuyafanya haya kwao Tennessee. Aliwaandikia ndugu zake barua akiwafunulia yanayosemwa kuwahusu, kisha akaenda mwenyewe nyumbani wakiwa wamechafukwa, akakaa nao bila kushika upande wa mtu. Mwaka 1967 alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Philadelphia, wanangoja nadharia, yeye akawasimulia habari za mama yake na ndugu zake. Kitabuni kisa kilipotoka, 1972, hakikuwa na jina la mwandishi. Nikamwambia dada: unaona, hata yeye alijificha.

Sasa sikia. Tarishi akijiuzulu, kazi haifi. Jumatatu iliyofuata Mama aliniita uani. "Mwanangu, mwambie baba yako mchele umekwisha."

Hapo ndipo nilipoanza kugombana na dada, kwa simu, wiki kadhaa. Kujitoa ukiwa California ni rahisi. Mie naishi hapa, nakula hapa, kitanda changu kimepakana na ukuta wa Mama. Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa jingine. Katika vitabu vile viwili kila kitu kinakwenda mduara: mume ananyamaza kwa kuwa mke ananung'unika, mke ananung'unika kwa kuwa mume ananyamaza, hakuna mwanzo, hakuna mwenye kosa. Nikamwambia: mwanzo upo. Mwanzo una ekari na una mnunuzi. Shamba lile nusu ya fedha zake zilikuwa bangili za Mama. Ukimchora Mama duara na Baba mraba, ukawaunganisha kwa msumeno mmoja, umemwibia mara ya pili. Wazee wa pilau angalau waliuliza nani kakosa, ingawa jibu waliliogopa.

Nilitegemea atanijibu kitaalamu. Akasema, "Wanawake wa fani hii waliyasema hayo hayo, tena mapema." Akanitajia Rachel Hare-Mustin, aliyeandika mwaka 1978 kwamba tiba ya familia inayojifanya haina upande huwa imekwisha kushika upande wa mwenye nguvu. Wengine wakafuata miaka ya themanini, vita ikawa kali majaridani. Dada anasema hajui kama imekwisha. Lakini akaniongezea neno: "Kukataa kubeba maneno ya Mama si kusema Mama hana haki. Ni kusema haki hiyo ina mwenyewe. Wewe unavyoibeba, Baba haisikii kwa mwenyewe. Anakusikia wewe, na wewe ni mtoto wake, anaweza kukufukuza."

Nililitafakari hilo sana. Sikulipenda, lakini sikuweza kulijibu. Tena nilimkumbuka yule mtoto aliyeitwa Simu. Kuna jioni nilimtazama Baba akikata kucha barazani, mzee wa miaka sitini na kitu, nikajaribu kumwona ana miaka mitano, anakimbia uani na neno asilolielewa. Hasira yangu haikuisha. Ila kidogo ilikosa mahali pa kukaa.

Mwezi ule umeme ulikatika saa tatu usiku, luku imekwisha. Mama alikuwa uani, Baba barazani, mie mlangoni kati yao na mwanga wa simu. Mama akasema kama kawaida, "Mwambie baba yako luku imekwisha."

Nikasema, "Mama, Baba yuko hapo. Anakusikia."

Nikazima mwanga. Sijui kwa nini niliuzima, labda niliona haya. Kukawa giza na mbu. Kwa jirani televisheni ilikuwa ikitangaza mpira, goli likaingia, watu wakapiga kelele, likapita. Nilikaa pale kama nusu saa. Moyo ulikuwa unanienda mbio, nikasema sasa hivi mmoja ataniita kwa jina na nitakwenda, maana nimezaliwa nikienda. Hakuna aliyeniita.

Kisha Baba akakohoa. "Namba ya mita iko wapi?"

Hakutaja mtu. Mama akakaa, akakaa, halafu akasema, "Iko pale pale siku zote. Kama ulivyokuwa unajua shamba liko wapi."

Basi kukalipuka. Walisemezana mpaka usiku wa manane, msomaji, sijapata kusikia ugomvi kama ule. Bangili zilitajwa moja moja. Ndugu yake Baba alitajwa kwa jina lake la utotoni. Mama alisimulia ile safari ya basi pamoja na mnunuzi, neno kwa neno, na Baba, ambaye kumbe hakuwahi kuisikia, alisema tu, "Ulikwenda mwenyewe?" akawa kama amepigwa. Luku hakununua mtu.

Nilimweleza dada asubuhi, kwake ikiwa bado usiku wa jana. Hakuuliza nani alishinda. Aliuliza nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwambia mlangoni. Akasema, "Siku nyingine toka hapo mlangoni." Nikamwuliza kama saa zile tatu anaweza kuzitia kwenye jedwali lake la 3,000. Akacheka mpaka akalia, akasema sheria inakataza kabisa, huwezi kutibu watu wa nyumbani kwako.

Haya niliyoyaandika nilimsomea Mama kwanza. Alisema niyapeleke, ila nisitaje shamba lilikuwa ekari ngapi. Baba nilimsomea peke yake, siku nyingine. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza Shangazi alikuwa na haja gani ya kuitaja ile Simu, kisha akasema niache kama ilivyo.

Tangu usiku ule wamesemezana mara nne, zote kwa ukali. Ya mwisho ilikuwa juzi, habari ya kodi ya mpangaji wa chumba cha uani. Nilikuwa chumbani naandika, mlango nimeufunga, na sikusikia vizuri.